Mchagua Jembe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeisikia tangu utotoni kwetu Ubena, na mara nyingi ilitolewa kumtahayarisha kijana aliyesimama pembeni mwa shamba akigeuzageuza mipini huku wenzake wamekwisha kufika katikati ya ngwe. Kwa habari ya jembe wahenga walisema kweli. Jembe la babu yangu na jembe langu havina tofauti kubwa. Aliyejua kulima kwa lile angelima kwa hili asubuhi hiyo hiyo.

Lakini mashine si jembe. Kijana anayejifunza kutengeneza mashine ya aina fulani anajifunga pamoja na kiwanda kilichoiunda, bei ya spea zake, na siasa za nchi zilizokubaliana kuinunua. Mashine ikiondoka, naye huachwa kituoni. Kwa hiyo fundi anayeanza hana budi kuchagua jembe, hata kama wahenga watamcheka. Swali linalonisumbua, nami nimekuwa fundi maisha yangu yote, ni hili: achague kwa kipimo gani?

Nimelazimika kulifikiri swali hili kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Alimaliza kidato cha sita akiwa amefaulu Fizikia na Hisabati, akasema anataka kuwa fundi wa vyombo vya angani. Ukoo ulikaa Njombe ukakubali kuuza shamba la miti aliloacha mama yake. Msomaji anayetoka kwetu anajua maana ya jambo hilo. Shamba la miti ndiyo benki yetu. Huvunwa mara moja, na atakayepanda leo atasubiri miaka kumi au zaidi. Ada iliyokuwapo ilikuwa ya njia moja tu. Naye binti alikuwa na njia mbili mbele yake: ndege za mabawa au helikopta. Akaja Makambako kuniuliza: "Shikamoo mjomba. Wewe umekula chumvi nyingi kwenye karakana. Ungekuwa mimi ungeshika ipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwanza tuitazame historia, maana Makambako ni mahali pazuri pa kujifunzia jinsi mashine zinavyokuja na kuondoka.

Tuanze na tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake huko Rhodesia ya Kusini. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa inapitisha shaba yake na mafuta yake huko kusini. Mlango ule ulipoanza kufungwa, macho yote yaligeukia bandari ya Dar es Salaam, na kati ya Dar es Salaam na Zambia ndipo tulipo sisi. Ndege ndizo zilizotangulia. Kuanzia Desemba 1965 mafuta yalipelekwa Zambia kwa ndege, yakiwa ndani ya mapipa, na baadaye ndege kubwa za mizigo aina ya Hercules zikawa zinapeleka mafuta na kurudi na shaba. Hebu fikiri gharama ya kubeba pipa la mafuta kwa chombo ambacho chenyewe kinakunywa mafuta!

Zikafuata lori, katika barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, likafika Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia ikakamilika. Wakati huo huo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Mkataba wake ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na reli yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote ni ile ya kupanda kutoka Mlimba, bondeni Kilombero, hadi Makambako juu mlimani. Mahandaki mengi ya reli hiyo yako katika kipande hicho kimoja.

Basi, katika muda usiozidi miaka kumi, mji wetu mdogo wenye upepo mkali ulipitiwa na ndege, lori, bomba na treni. Kila kimoja kilidai mafundi. Na kila kimoja kilipokuja, watu walisema hicho ndicho cha mwisho, kwamba vingine vyote sasa basi.

Mwaka 1974 mimi na kaka yangu tulikuwa vijana tusio na kazi. Reli ilikuwa imekwisha kutupita na kuingia Zambia. Milango miwili ilikuwa wazi: gereji za lori kando ya barabara kuu, na reli. Gerejini unaanza kama saidia fundi, unaosha vyuma kwa dizeli, na jioni una senti mkononi. Kwenye reli unafundishwa kwanza. Kaka alikwenda gerejini, mimi nikaenda kwenye reli. Baba hakumlaumu yeyote kati yetu. Alisema tu kwamba nyumba ikiwa na mafundi wawili wa aina mbili, njaa italazimika kubisha hodi mara mbili.

Walimu wetu wa kwanza walikuwa Wachina. Kiswahili chao kilikuwa cha maneno machache, na Kichina chetu hakikuwapo kabisa. Walifundisha kwa mikono. Mwalimu anafungua, anakuonyesha, anafunga, kisha anakukabidhi spana na kukunja mikono. Ukikosea hasemi neno. Anafungua tena mwanzo hadi mwisho. Vichwa vya treni vya wakati ule viliitwa Dongfanghong, maana yake Mashariki ni Nyekundu. Vilikuwa vya dizeli na haidroliki: injini inasukuma mafuta ndani ya giaboksi kubwa, na mafuta hayo ndiyo yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Tulijifunza giaboksi ile hadi tukaijua kwa sauti yake. Tulidhani tumeshika jembe la maisha.

Lakini mlima wa Mlimba ulikuwa mgumu kwa vichwa vile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaletwa vichwa vya aina nyingine, vya dizeli na umeme, vilivyojengwa na Krupp ya Ujerumani Magharibi kwa usanifu wa General Electric ya Marekani. Humo hapakuwa na giaboksi ya mafuta. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na mota za umeme zinazungusha magurudumu. Asubuhi moja ujuzi wetu uligawanyika vipande viwili. Kile tulichokijua kuhusu giaboksi kilibaki kuwa cha mashine zile za zamani tu. Kile tulichokijua kuhusu injini ya dizeli, yaani joto, shinikizo, mafuta machafu, beringi inayolia, ufa usioonekana kwa macho, kilihama pamoja nasi. Nasi tulirudi darasani, watu wazima wenye watoto, tukajifunza umeme.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote kwa sababu moja. Fundi hujifunza vitu viwili kwa wakati mmoja: kilicho cha mashine hii, na kilicho cha mashine zote. Akichagua, aangalie hicho cha pili ni kikubwa kiasi gani.

Sasa twende angani.

Ufundi wa ndege katika nchi yetu ulianza kwa vita. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege Mafia ili kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Ndege zile zilikuwa za mbao na turubai, na zile za kutua majini zilizotangulia ziliharibiwa na joto na unyevu hata gundi yake ikaachia. Adui wa kwanza wa ndege hapa kwetu hakuwa risasi bali hali ya hewa. Hata hivyo, Julai mwaka huo ndege zilielekeza mizinga iliyoimaliza manowari ile. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kutoka London hadi Cape Town, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwa Dodoma, Mbeya na Mpika. Mpika hiyo hiyo, zaidi ya miaka arobaini baadaye, ikaja kuwa na karakana kubwa ya TAZARA. Njia za wasafiri hubadilika chombo, lakini mara nyingi hupita pale pale.

Mwaka 1946 likaanzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, likianza na ndege ndogo za de Havilland zenye mabawa mawili mawili, na miaka ishirini baadaye likamiliki ndege za Super VC10 zilizofika hadi Ulaya. Makao yake makuu na karakana yake kubwa vilikuwa Nairobi. Mwaka 1971 Jumuiya ilianzisha chuo cha urubani na ufundi wa ndege huko Soroti, Uganda. Kijana wa Tanganyika aliyetaka kufungua injini ya ndege alilazimika kuvuka mpaka, na wakati ule kuvuka mpaka hakukuonekana jambo kubwa, maana Jumuiya ilikuwa moja.

Kisha ukaja mwaka 1977. Shirika likavunjika mwanzoni mwa mwaka, Jumuiya yenyewe ikafuata. Karakana ikabaki Nairobi, chuo kikabaki Soroti. Machi mwaka huo huo Shirika la Ndege Tanzania likazaliwa, likiwa na kazi ya kujenga karibu kila kitu upya. Mafundi waliorudi nyumbani hawakurudi na karakana wala ndege zile kubwa. Walirudi na leseni zao, na mikono yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Shirika lilipopata ndege mpya za Boeing 737, mikono hiyo ndiyo iliyozipokea. Baadaye Shirika lilidhoofika hata likabaki karibu bila ndege, na kuanzia mwaka 2016 serikali ikaanza kulifufua kwa kununua ndege mpya. Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kikaanza kufundisha ufundi wa ndege hapa hapa nchini. Mpwa wangu ni mtoto wa zama hizo. Hakulazimika kuvuka mpaka.

Helikopta ni mdogo wa ndege kwa umri. Ndugu Wright waliruka mwaka 1903, na injini yao ilichongwa na fundi mmoja, Charles Taylor, kwa muda wa wiki sita hivi. Helikopta iliyofungua njia kwa hizi tuzionazo, ile ya Igor Sikorsky, ilijaribiwa mwaka 1939. Miaka thelathini na sita hiyo ya kuchelewa haikutokana na uvivu. Ndege ya mabawa inataka kuruka. Ukiisukuma mbele kwa kasi ya kutosha, hewa yenyewe inaibeba. Helikopta haina bawa lililotulia. Mapanga yake ndiyo mabawa, nayo yanazunguka muda wote, na kila panga hubadilisha pembe yake kila linapozunguka, likiinama upande huu na kuinuka upande ule. Zaidi ya hayo, injini inapozungusha mapanga kwenda upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande wa pili, na ndiyo sababu ina pangaboi dogo mkiani la kuuzuia.

Kwa fundi, tofauti hii ina maana kubwa. Injini ya ndege ikizimika, ndege huteleza hewani na rubani hutafuta pa kutua. Injini ya helikopta ikizimika, nayo haianguki kama jiwe: hewa inayopita kutoka chini huendelea kuzungusha mapanga, na rubani hodari hutua. Lakini ikivunjika giaboksi inayobeba mapanga hayo, au kiungo kinachoyashika, hakuna wa pili wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo vipande vingi vya helikopta vina umri uliohesabiwa kwa saa. Saa zikitimia, kinatolewa, hata kama kinang'aa kama kipya. Kaka yangu wa gerejini, ambaye katika dhiki ya spea ya miaka ya 1980 aliwahi kuchonga bushi za lori kwa chuma cha mabaki na lori likafika Songea, alipoambiwa habari hii alitikisa kichwa: "Yaani unatupa kitu kizima?" Ndiyo, kinatupwa. Katika ufundi wa angani, kwa ndege na kwa helikopta, hata nati ina cheti chake. Kisicho na cheti si spea, ni chuma tu.

Ajali mbili zinafundisha tofauti ya vyombo hivi kuliko kitabu. Aprili 1988, huko Hawaii, ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha ilipasuka dari lake ikiwa angani, na mhudumu mmoja akapeperushwa akafa. Rubani aliishusha salama na abiria wote wakapona. Ndege hiyo ilikuwa imekwisha kuruka na kutua karibu mara 90,000. Kila safari mwili wa ndege hujazwa hewa na kupunguzwa, kama kifua kinachopumua, na chumvi ya bahari ilikuwa inakula maungio yake. Nyufa zilikuwapo, hazikuonekana kwa sababu hazikutafutwa ipasavyo. Aprili 2016, huko Norway, helikopta aina ya Super Puma ilikatika mapanga yake yote ikiwa angani. Watu 13 walikuwamo, na wote walikufa. Gia moja ndani ya giaboksi kuu ilikuwa imechoka na kupata ufa uliokua ndani kwa ndani pasipo kutoa dalili iliyoweza kuonwa kwa wakati.

Ndege ilipoteza dari ikafika. Helikopta ilipoteza gia moja, haikufika. Simaanishi kwamba helikopta ni chombo kibaya. Namaanisha kwamba mizigo ya mafundi wake haifanani. Fundi wa ndege kubwa analinda mwili mkubwa wenye riveti maelfu kwa maelfu, ambao huchakaa polepole mahali pengi. Fundi wa helikopta analinda sehemu chache ambazo kila moja imeshika roho za watu wote waliomo.

Sisi wa mkoa wa Njombe tuna sababu yetu ya kulifikiri jambo la helikopta kwa unyenyekevu. Tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, helikopta iliyokuwa imemchukua Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa aliyekuwa anamaliza kipindi chake cha kwanza na kugombea tena, ilianguka katika pori la akiba la Selous. Yeye, rubani Kapteni William Silaa na wenzao wawili walifariki. Mpwa wangu alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Anakumbuka kwamba watu wazima walilia barabarani. Simulizi hii siitoi ili kumtafuta mkosaji. Naitoa kwa sababu kijana wa kwetu anaposema neno helikopta, watu wanaomsikiliza wanakumbuka jina la mtu.

Na bado mkoa huu unaihitaji helikopta. Anayeijua Ludewa anajua milima ya Livingstone inavyoshuka ghafla hadi Ziwa Nyasa, na vijiji vya mwambao ambavyo kwa miaka mingi mgonjwa wake alisubiri mtumbwi au boti. Uwanja wa ndege wa Njombe upo pale mjini, lakini mwamba wa ziwani hautapata uwanja. Mahali kama pale, chombo kinachotua kwenye kiwanja cha shule si anasa. Lakini tusisahau pia kwamba Njombe iko juu, hewa yake ni nyepesi, na katika hewa nyepesi mapanga hushika kidogo na injini hupumua kwa taabu. Chombo kinachobeba watu sita pwani huenda kisibebe sita huku kwetu. Fundi anayefanya kazi nyanda za juu hana akiba ya nguvu ya kufichia uzembe.

Tulipokwisha kupitia hayo yote, nilimwekea mpwa wangu maswali matatu ambayo historia ya Makambako imenifundisha. La kwanza, nani mwenye mashine, na anaweza kuitunza kwa muda gani? Wenye helikopta nchini ni wachache: vyombo vya dola, makampuni ya kukodisha, shughuli za utalii na uhifadhi. Wenye ndege za mabawa ni wengi zaidi, kuanzia Shirika la taifa hadi makampuni yanayopeleka watalii mbugani na visiwani kwa ndege ndogo za Cessna Caravan. La pili, mashine ikiondoka, ni kitu gani kitabaki mkononi mwako? Hapa nilimwonyesha jambo lililonifurahisha nilipolisoma. Injini ya Caravan ni ya ukoo wa PT6, unaotengenezwa Canada na Pratt & Whitney. Ukoo huo huo, kwa umbo la injini pacha, ndio unaozungusha mapanga ya helikopta za Bell 212 na 412. Aliyeijua PT6 katika ndege hatakuwa mgeni kabisa mbele ya helikopta hizo, kama sisi tulivyohama na injini ya dizeli. La tatu, nani atakufundisha, na nani atatia sahihi?

Lazima niseme ukweli wa moyo wangu. Mimi nilikuwa naegemea helikopta. Niliona hivi: mafundi wake ni wachache, na kilicho adimu kina bei. Isitoshe, nilimfikiria yule mgonjwa wa mwambao wa Ludewa, nikatamani mtoto wa kwetu awe ndiye anayemfikia. Nilimwambia hivyo waziwazi, kwa kuwa aliniuliza kama mjomba, wala hakuja kuniuliza kama mgeni.

Alinyamaza kidogo, kisha akalishika lile swali la tatu. Alisema: "Mjomba, umesema Mchina alikuwa anafungua tena mwanzo hadi mwisho ukikosea. Kwenye kampuni yenye helikopta mbili na mafundi watatu, nani atafungua tena?"

Nilimwomba aendelee. Akaeleza kwamba amesoma sheria ya ukaguzi wa pili: kazi inayogusa mifumo ya kuongozea chombo haikubaliki kwa jicho moja, bali fundi wa pili, ambaye hakuifanya, lazima aikague na kutia sahihi yake. Katika karakana kubwa jicho la pili, la tatu na la nne yapo. Katika karakana ndogo lipo pia, kwa sheria, lakini ni lile lile kila siku, nalo huzoea. "Nikiwa nimekomaa," alisema, "naweza kwenda mahali penye watu wachache. Lakini nikiwa mwanafunzi nataka kuanza mahali penye watu wengi wa kunikosoa. Nitaanza na ndege. Helikopta nitaifuata nikiwa na kitu cha kuipelekea."

Sikuwa na neno la kuongeza. Tumezoea kuwahimiza vijana wetu wakimbilie mahali penye ushindani mdogo, kana kwamba maisha ni foleni ya sukari. Huyu alitafuta mahali penye macho mengi. Mshika mawili moja humponyoka, naye hakutaka kushika mawili. Lakini hakulitupa la pili, aliliweka katika foleni. Miti ya mama yake ilikatwa, mbao zikapakiwa lori pale Njombe zikapita Makambako kwenda Dar es Salaam, na yeye akaifuata njia hiyo hiyo kwa basi.

Sasa nairudia ile methali. Nadhani wahenga hawakumkataza mtu kuchagua. Walimkataza kuchagua ili akwepe kulima. Kijana anayeuliza ni mashine ipi itakayompa heshima, au mshahara mnono, au picha nzuri ya kuwatumia wenzake, huyo anageuzageuza mipini. Anayeuliza ni wapi atafundishwa vizuri na ni nani atakayemsahihisha, huyo amekwisha kuanza kulima.

Ndege zilizopeleka mafuta Zambia hazipo. Super VC10 za Jumuiya hazipo. Waliozifungua na kuzifunga waliondoka na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mabawa yake: ile tabia ya kutotia sahihi juu ya jambo ambalo mtu hajaliona kwa macho yake. Hiyo haina spea, wala haihesabiwi kwa saa. Mwenye kuitaka atafute karakana yenye watu waliokwisha kuwa nayo, akae chini yao, na awe radhi kazi yake ifunguliwe tena mbele ya wenzake.